Sehemu ya kumi iliyokosa kibaba

Ukiitaja Dammam au Khobar katika mitaa ya Kisauni au Likoni, Mombasa, hukosi mtu mwenye dada, mjomba au jirani aliyewahi kufanya kazi huko. Dhahran ni jirani yao, upande ule ule wa mashariki ya Saudia kwenye mafuta. Kisa hiki kilitokea huko jioni ya tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba. Nakisimulia kwa sababu kilianza na jambo dogo mno, na jambo hilo limo ndani ya simu uliyoishika, ndani ya kompyuta ya karani wa kutoa mizigo ya bandari kule Changamwe, na ndani ya hesabu za Excel za chama chenu.

Jioni ile Iraki ilifyatua kombora la Scud kuelekea Dhahran. Palikuwa na mtambo wa Kimarekani wa Patriot, uliowekwa pale makusudi kuyadungua makombora ya namna hiyo yangali hewani. Mtambo ulikuwa umewashwa, rada yake inafanya kazi. Haukufyatua hata kombora moja. Scud ikaangukia ghala lililogeuzwa kuwa bweni la askari wa Marekani, ikaua watu 28 na kujeruhi wengine karibu mia moja. Kumi na watatu kati ya waliokufa walikuwa wa kikosi kimoja cha kusafisha maji kutoka mji wa Greensburg, Pennsylvania. Walikuwa askari wa akiba, watu wenye kazi zao za kawaida kwao, na hata wiki hawajaimaliza Saudia.

Februari 1992 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti yake. Haikutaja hujuma, wala mlinzi aliyelala zamu. Ilitaja hesabu ya sehemu moja ya kumi.

Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda tangu ilipowashwa kwa vipande vya sehemu ya kumi ya sekunde: kimoja, viwili, vitatu, hadi mamilioni. Kufikia hapo hakuna kasoro, kwa kuwa ni nambari nzima. Lakini ili ijue kombora litakuwa wapi, ilihitaji muda kwa sekunde, basi ikaizidisha hesabu ile kwa 0.1. Kwetu sisi 0.1 ni nambari nyepesi, mtoto wa shule ya msingi anaiandika bila kufikiri. Kompyuta haiwezi kuiandika kamili.

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa pishi, kisaga na kibaba. Pishi ni visaga viwili, kisaga ni vibaba viwili, na kibaba nacho kina nusu yake. Kila kipimo ni nusu ya kile kilicho juu yake. Sasa chukua vipimo vya namna hiyo peke yake, uambiwe upime sehemu moja ya kumi ya pishi, kamili, bila kukisia kwa jicho. Utachukua moja ya kumi na sita, utaongeza moja ya thelathini na mbili, na hapo umefika 0.09375. Ongeza 1/256, kisha 1/512, utapata 0.0996 na kitu. Unakaribia, lakini hufiki. Hata ukichonga kipimo kidogo kuliko punje ya mtama, bado patabaki upungufu. Kompyuta haina vipimo vingine ila hivi vya nusu kwa nusu, na idadi yake ina kikomo. Nafasi ambamo Patriot ilifanyia hesabu hiyo ilikuwa ya biti 24, yaani vipimo 24 vya namna hiyo. Zilipojaa, kilichobaki kikatupwa.

Kilichotupwa kilikuwa kama 0.000000095 hivi. Ni nani angekijali? Mimi nisingekijali, na sidhani kama wewe ungekijali. Tatizo ni kwamba kasoro hiyo ilizidishwa kwa idadi ya vipande vyote vya muda tangu mtambo ulipowashwa. Tunawaambia watoto kuwa haba na haba hujaza kibaba, na kumbe hata upungufu hujaza. Jioni ile mtambo ulikuwa umekaa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Saa 100 ni vipande 3,600,000 vya sehemu ya kumi ya sekunde, na upungufu ulikuwa umefika sekunde 0.34, theluthi moja ya sekunde. Scud huenda karibu mita 1,676 kwa sekunde moja. Katika theluthi hiyo, kombora limeshapita zaidi ya nusu kilomita.

Rada ya Patriot ililiona kombora mara ya kwanza vizuri tu. Baada ya hapo kazi yake ni kukadiria litakapokuwa punde, kisha kutazama kidirisha kidogo cha anga mahali hapo. Likionekana, ni kombora kweli. Lisipoonekana, ile alama ya kwanza huhesabiwa kuwa kosa na kufutwa. Kidirisha kilikuwa kimesogea zaidi ya nusu kilomita. Kompyuta ikatazama anga tupu, haikuona kitu, ikaendelea na shughuli zake.

Hadi hapa mtu anaweza kusema ni bahati mbaya, nani angejua? Walijua, ndugu msomaji. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Dalili ya kwanza ilikuwamo katika historia ya mtambo wenyewe. Patriot ilibuniwa kwa ajili ya Ulaya, kupigana na ndege za Kisovieti na makombora yaendayo kwa mwendo usiozidi mara mbili ya mwendo wa sauti, na ilitarajiwa kuhamahama, ikae mahali saa chache tu kisha izimwe na kusogezwa. Ilipopelekwa Ghuba ikawekwa mahali pamoja siku baada ya siku, mbele ya kombora linalokwenda kama mara tano ya mwendo wa sauti. Kazi ilibadilika, na saa ile ya ndani ikabaki na hesabu zake za zamani. Sisi sote hufanya hivi. Programu iliyoandikwa kwa duka moja hubebeshwa matawi mengi, na kwa kuwa haijawahi kulalamika, hatuulizi ilikusudiwa kubeba nini.

Dalili ya pili ililetwa mkononi. Tarehe 11 Februari, wiki mbili kabla ya msiba, Waisraeli, ambao nao walikuwa wakiitumia Patriot, waliwapa Wamarekani takwimu walizozikusanya wenyewe: mtambo ukikaa saa nane mfululizo, kidirisha cha rada kinasogea kwa asilimia 20. Saa nane tu. Mtu akikupa kipimo cha namna hiyo, hesabu inayofuata ni ya kufanyia nyuma ya bahasha. Ikiwa saa nane ni asilimia 20, asilimia 50 itafika baada ya saa 20, na hapo kombora halimo tena ndani ya kidirisha. Ripoti ya ukaguzi ilikuja kuifanya hesabu hiyo hiyo, watu wakiwa wameshazikwa.

Maafisa waliohusika hawakuwapuuza Waisraeli kwa dharau. Waliamini kwamba Waisraeli hutumia mitambo yao kwa namna yao, kwamba vikosi vingine haviendeshi mtambo muda mrefu hivyo. Hawakwenda kuuliza ni saa ngapi mitambo ya Saudia imekaa bila kuzimwa. Dhana ikakaa mahali pa swali. Hata hivyo programu ilirekebishwa, na marekebisho yalikuwa tayari tarehe 16 Februari. Mtu wa haki lazima aseme hilo. Kikwazo kikawa kuyafikisha kwa kila kikosi katikati ya vita.

Tarehe 21 Februari vikosi vilitumiwa ujumbe: kuendesha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kusogeza kidirisha cha rada, na programu mpya iko njiani. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Waliouandika walidhani hakuna mtu atakayeuacha mtambo ukae kiasi hicho. Walioupokea, kwa upande wao, hawakuwa na njia ya kujua kwamba wao ndio walioambiwa. Onyo lisilo na kipimo humpita mtu sikioni kama tangazo la feri ya Likoni kwa aliyekwisha kulizoea.

Na dawa ilikuwa nini wakati huo wa kungoja? Kuzima na kuwasha. Saa ikianza tena kutoka sifuri, kasoro nayo huanza kutoka sifuri. Kazi hiyo huchukua kati ya sekunde 60 na 90. Kila aliyewahi kuchomoa kile kisanduku cha intaneti ukutani na kukirudisha anaijua dawa hii. Hakuna aliyewaambia askari wa Dhahran waitumie, na programu iliyorekebishwa ikafika tarehe 26 Februari, siku moja baada ya watu 28 kufa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wahandisi hulitaja kwa huzuni. Robert Skeel, mtaalamu wa hesabu za kompyuta, aliandika mwaka 1992 kwamba programu ya Patriot ilikuwa imeshawekewa njia bora zaidi ya kubadilisha muda, ila njia hiyo iliingizwa mahali fulani na kuachwa kwingine. Laiti kasoro zingekuwa sawa pande zote, zingefutana muda mmoja unapotolewa katika mwingine. Nusu ya marekebisho ndiyo iliyozitenganisha. Basi usirekebishe mlango mmoja ukaacha mwingine.

Labda utasema, hayo ni mambo ya 1991, kompyuta za leo ni nyingine. Ni nyingine kwa ukubwa wa nafasi. Vipimo ni vile vile vya nusu kwa nusu. Leo kompyuta nyingi huandika nambari zenye desimali kwa mtindo wa nukta inayoelea, uliosanifishwa mwaka 1985 kwa kazi kubwa ya Profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nambari huwekwa katika sehemu mbili: tarakimu zenyewe, na maelezo ya mahali nukta ilipo, ili nafasi ile ile iweze kubeba umbali wa nyota na unene wa unywele. Kwa tarakimu zenyewe kuna biti 53, sawa na tarakimu 15 au 16 hivi za kawaida. Zinazozidi hukadiriwa, kimya kimya. Iambie lugha ya Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Imekuonyesha tu ile punje iliyobaki nje ya kipimo, ambayo siku nyingine huificha kwa adabu.

Mwenye kuandika programu ya mkopo au ya nauli na akaiuliza kompyuta kama 0.1 jumlisha 0.2 ni sawa na 0.3, atajibiwa si sawa, na malipo halali yatakataliwa. Kwa hiyo waliozoea kazi ya fedha huhesabu kwa senti, nambari nzima, na kurudisha shilingi mwishoni wakati wa kuandika risiti. Fanya hivyo toka siku ya kwanza. Kubadilisha baadaye, programu ikiwa imeshakula hesabu za miaka mitatu, ni kazi ya machozi.

Na fedha hazihitaji kombora ili zipotee. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei za hisa Januari 1982 kikiwa 1000. Kila mauzo yalipofanyika, kipimo kilihesabiwa upya, na tarakimu zilizozidi desimali tatu zilikatwa badala ya kukadiriwa kwenda iliyo karibu. Kila mkato ulikuwa wa kushuka. Mikato ilikuwa maelfu kwa siku. Kufikia mwisho wa Novemba 1983 kipimo kilisoma 524.811, wakati hesabu sahihi ilikuwa 1098.892. Kwa karibu miaka miwili soko lilikuwa likinawiri na kipimo chake kikizama, na watu walikuwa wakizisoma habari zote mbili kila asubuhi. Dalili gani nyingine walitaka?

Turudi Mombasa. Fungua orodha ya wateja wa duka lako kwa Excel, uitazame safu ya nambari za simu. Mara nyingi utakuta vitu kama 2.54722E+11, safu nzima, na wateja ambao nambari zao zina mwanzo mmoja wote wanafanana. Excel imeidhania nambari ya simu kuwa kiasi, kana kwamba kuna siku utaijumlisha, ikaiandika kwa mtindo wa nukta inayoelea. Usitaharuki, nambari nzima bado imo chini yake, kwa maana ina tarakimu 12 tu. Lakini ukihifadhi faili ile katika muundo wa CSV ikiwa vile vile, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana. Ukiifungua tena, tarakimu za mwisho za wateja wako hazipo, na hakuna dua wala fundi wa kuzirudisha. Ile E+11 ndiyo dalili. Tunaiona kila wiki, tunaipita, tunaendelea.

Tokeni ya stima ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20. Tuseme wewe ni mwenye nyumba za kupangisha Mtongwe au Magongo, unawanunulia wapangaji tokeni na kuziweka kwenye Excel ili uwatumie baadaye. Umebandika 4821 3067 7592 1357 6658 bila nafasi katikati. Excel haibebi zaidi ya tarakimu 15. Itabaki na 48213067759213500000. Hakutakuwa na kengele wala maandishi mekundu. Mpangaji ataibonyeza kwenye mita, mita itaikataa, atakupigia saa mbili usiku kukwambia umemtapeli, na kila mmoja wenu atakuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye mwongo. Sifuri tano mwishoni ndizo zinazokwambia ukweli, ukiwa na macho ya kuziona. Kinga yake ni ya dakika moja: kabla ya kubandika chochote, iambie Excel kwamba safu hiyo ni maandishi. Nambari ya simu, ya kitambulisho, ya akaunti, ya mita, zote ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hakuna anayezijumlisha.

Mita yenyewe ina kisa chake, nacho ni cha karibu na kile cha Dhahran kuliko tunavyodhani. Mita za kulipia kabla kote duniani zinazofuata mfumo mmoja wa tokeni hupokea ndani ya kila tokeni idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni moja isitumike mara mbili. Idadi hiyo iliwekewa nafasi ya biti 24, sawa na ile ya Patriot. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita isiyorekebishwa ingeikataa kila tokeni mpya, hata iliyolipiwa kihalali.

Safari hii onyo lilikuwa na tarehe. Kenya Power ilitangaza miezi kadhaa mapema, na mteja akinunua tokeni alipokea nambari tatu za tarakimu 20 kila moja: mbili za kuirekebisha mita, abonyeze kwa kufuatana, kisha ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Mitaani kwetu wako waliodhani ni utapeli, na siwalaumu sana, maana nambari za kutilia shaka tumetumiwa nyingi. Wako waliobonyeza ya tatu kwanza, bila kuzishughulikia mbili nyingine. Wengine walisema watafanya kesho. Likoni au Kisauni, hata Nyali, dakika zilikuwa zikihesabiwa sawasawa kwa wote.

Kwa anayeshughulika na programu au hesabu, maswali ya kuuliza mapema ni machache. Nambari hii imepewa nafasi kiasi gani? Itajaa lini? Kasoro yake inajumlishwa, au inaanza upya kila mara? Na mfumo huu umewahi kukaa muda gani bila kuzimwa? La mwisho usilijibu kwa kudhani, nenda ukatazame. Ukipewa taarifa ya dosari na mtu wa idara nyingine, au na mteja anayeonekana msumbufu, chukua kipimo chake ukikokotoe kabla ya kumweleza kwa nini kwenu haiwezi kutokea. Na ukiandika onyo, andika saa.

Mita zilizorekebishwa zimewekewa mwanzo mpya, mwaka 2014, na zinahesabu dakika kwa biti zile zile 24. Zitajaa Novemba 2045.